Ukuta wa Dhuhair

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Wasit aliishi fundi wa matandiko ya farasi aitwaye Dhuhair bin Aswad, mtu wa swala na sadaka, ila hasira zake zilikuwa hazina hatamu wala haya. Siku moja alimpiga mkewe, Lubaba, naye ni mja mzito. Lubaba akahamia kwa kaka yake, akasema harudi.

Dhuhair akamwendea Bibi Umaima, mwanachuoni aliyetoa fatwa nyuma ya pazia. Hakwenda kutubu, bali kutafuta neno la kumpelekea mkewe. Akaeleza kwamba babu yake alikuwa hivyo, baba yake hivyo, na damu ile ameiumba Mola. Basi kosa lake liko wapi?

Mwingine angemfukuza. Bibi Umaima, Mola amrehemu, alikuwa mtu wa kupenda kujua. Akamuuliza hasira humwanzia wapi. Dhuhair akajibu kwamba masikio hupata moto kwanza, na kitambo hupita kabla mkono haujanyanyuka. Bibi akalifikiri hilo, kisha akauliza:

"Mwanangu, mtu akirithi ukuta ulioinama, ukamwangukia jirani, atalipa?"

"Asipoonywa, halipi. Akionywa akauacha, atalipa."

"Lakini hakuujenga yeye."

"Hakuujenga, Bibi. Ila ni wake."

"Na wewe, nani alikuonya?"

Dhuhair akainamisha kichwa. "Lubaba," akasema. "Tangu mwaka wa kwanza."

Hakupewa fatwa, wala hakuiomba tena. Alikwenda kwa shemeji yake akakiri kosa mbele ya wote, na jina la baba yake hakulitaja. Lubaba hakurudi upesi. Alirudi mtoto akiwa anatambaa, baada ya majirani kumhakikishia kwamba siku hizi Dhuhair akichemka huweka sindano chini, akatoka nje mpaka apoe.

Binti yao, Rayhana, alikuwa na hasira zilezile. Siku moja aligombana na mwenzake, akanyanyua bakuli amrushie. Shangazi yake akaguna kwamba hiyo ndiyo damu ya babu yake Aswad. Mtoto akaliweka bakuli chini, akatoka nje.

Ndugu zangu, namna hasira inavyopita kutoka kwa babu hadi mjukuu ni siri ya Mola, nami natamani mno kuijua. Ila Aswad hakuwahi kutoka nje hata siku moja. Hilo mtoto alilirithi kwa baba yake.