Kigingi Kilichochipua

Hapo zamani, na leo naomba msinikatize maana jana mlinikera, palikuwa na mjane akiitwa Bi Mize. Karibu na kisima chake ulisimama mtakawa, mti usiopukutisha majani mwaka mzima. Maua yake hufunguka asubuhi yakiwa manjano, alasiri yamekuwa mekundu, magharibi yako chini.

Akaja jirani yake Vuai, mwenye gari la ng'ombe. "Dada Mize, nipe tawi moja nichonge kigingi cha kumfungia ng'ombe."

"Kata, lakini ukimaliza nirudishie. Mie nina jiko, nataka kuni."

Vuai akakata tawi lililonyooka, akalichonga ncha, akalikita nyuma ya nyumba ya jirani yao Hadia, penye majani mengi. Hadia alimruhusu. Baada ya mwezi akamhamisha ng'ombe. Na kigingi? Kikabaki pale pale! Vuai ni mtu wa kuchukua, kurudisha humuuma.

Kigingi kikachipua. Ndiyo, mtakawa ukiukita hushika, msinitolee macho. Hadia akakiona, akakimwagia maji aliyooshea vyombo. Asubuhi akamwaga, jioni akamwaga. Mbuzi wakaja, akazungushia miiba. Miaka saba akamwaga, mti ukapita paa, ukachanua. Mwaka wa nane mumewe, Mcha, akaanguka kutoka juu ya mkarafuu, akavunjika mgongo. Chumba chao hakina dirisha, mchana kinachemka. Basi kila siku Hadia humburuta kwenye mkeka mpaka chini ya mtakawa, akapate hewa.

Sasa sikilizeni balaa. Masika yalikuwa yanakaribia, na mchwa wakala nguzo ya kati ya nyumba ya Bi Mize. Paa likainama juu ya wajukuu wake wanne. Mtakawa wake wa kisimani ulikwishakufa. Wiki hiyo hiyo ukakatika mhimili, ule mti unaoshika magurudumu ya gari la Vuai, na gari hilo ndilo lililokuwa likibeba nazi za kijiji kizima. Kijijini shina lililonyooka la kufaa lilikuwa moja tu, la kwa Hadia. Wakatokea wawili hao na mashoka yao, yakazuka matusi, wakaishia kwa sheha, mkuu wa kijiji.

Sheha alikuwa hajamaliza chai. "Semeni upesi, mmoja mmoja!"

Bi Mize akasema, "Tawi nilitoa mimi, na niliazimisha, sikugawa. Tangu Mcha aanguke napita nauona mti wangu, nanyamaza kwa kumhurumia. Leo paa liwaangukie wajukuu zangu?"

Vuai akasema, "Nani aliukita? Mimi! Samadi ya nani iliunenepesha? Ya ng'ombe wangu! Msiponipa, nazi zenu zibebeni kichwani."

"Wewe nawe," sheha akafoka, "kigingi kimoja kimekushinda kurudisha!"

Hadia akasema, "Mmoja alitoa kuni, mwingine akazisahau. Nani aliyezifanya mti? Ndoo nilibeba mimi. Na huyu mume wangu mnataka nimlaze wapi?"

Mcha, aliyeletwa juu ya mkeka wake, akainua mkono. "Bwana sheha, mpeni Bi Mize. Watoto kwanza. Mimi nitavumilia ndani."

Hadia akamgeukia, machozi yanamtoka kwa hasira. "Nyamaza, Mcha! Unagawa nini? Uliwahi kuumwagia hata kata moja? Masika ni miezi miwili, wewe umelala maisha!"

Sheha akasukuma kikombe. "Mmenichosha! Mmenichosha nyote!" Akashika kichwa, na mpaka leo hajaamua.

Wewe hapo, usiniambie waugawane. Nusu nguzo haishiki paa. Nawe usiniambie wapande mwingine, mvua imeshaanza kunyesha. Mcha alikuwa na haki ya kuutoa, au hakuwa nayo? Hadia amesimama mbele ya shina, hasogei, na mashoka mawili yanamngoja. Je, nani anaustahili mti huo: aliyetoa tawi, aliyelikita, au aliyelimwagia maji?