Ndovu wa Babu Yake Ghalib

Kitu chochote cha kale ambacho Bwana Ghalib alikitamani, ghafla kilikuwa cha marehemu babu yake. Kwa dai hilo alikuwa ameshalibeba kabati la mama wa Bi Kazija, akaliweka hotelini kwake watalii walipige picha. Sasa alirudi nyumbani kwa Bi Kazija na sheha wa mtaa, na mkono wake ulikuwa tayari juu ya kisanduku cha kuandikia kilichokaa dirishani, kimejaa nakshi nyeupe.

"Hiki cha babu," alisema.

Bi Kazija, fundi seremala, hakubisha. "Huenda, bwana. Na hizi nakshi unazijua?"

"Nisizijue vipi? Pembe za ndovu! Babu alimpiga mwenyewe huko Tabora, kabla Mjerumani hajafika."

"Mwenyewe?"

"Kwa risasi moja!"

"Sheha, umesikia. Na kama si pembe za ndovu huyo?"

"Kama sizo, kabati la mamako nalirudisha leo leo!"

Bi Kazija akachukua patasi, akabandua kipande kimoja cheupe, akampa sheha. "Macho yangu mabovu, baba. Nisomee hapo nyuma."

Sheha akavaa miwani, akakigeuza. "'Mafuta ya kupikia, dumu la lita kumi,'" akasoma polepole. "'Tumia kabla ya Desemba'... ya mwakani hii!"

Majirani waliokuwa mlangoni wakavunjika mbavu.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Kazija, "ndovu wa babu yako bado hajaharibika. Hilo kabati walipitishe mlango wa uani, huu wa mbele mwembamba."