Nani Alikula Wali wa Bi Kanga?

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanabisha hodi na kungoja waitikiwe karibu, aliuawa Bi Kanga. Msishtuke. Nimeanza na kifo kwa sababu nikianza na mengine mtanisumbua, "Shangazi, mbona hafi?" Nawajua nyinyi.

Bi Kanga alikuwa mjane, akiishi peke yake karibu na bwawa, wala hakuwa na ugomvi na mtu. Akipika wali wa nazi, harufu inafika ng'ambo. Basi asubuhi moja Kobe akaenda kumsalimia.

"Hodi! Hodi hapa!"

Kimya. Kobe akasukuma mlango, akamkuta chini, shingo imevunjwa, na mayai yake yote hayapo.

Sheria ya nchi ile ilikuwa hivi. Anayeikuta maiti huchukua vitu vilivyokuwa karibu nayo, akavitia ndani ya kapu, akamwonyesha hakimu peke yake. Kisha kapu hushonwa mdomo kwa ukindu na kutundikwa juu ya mti mkavu pale bwawani, kila mtu alione. Halifunguliwi mpaka siku ya hukumu. Walisema watu wakijua kilichomo, kila mwongo atatunga uongo wa kulingana nacho. Kobe akafanya hivyo. Ndipo walinzi wakaitwa.

Mkuu wa walinzi alikuwa Chui. Mrefu, kifua mbele, madoadoa yanang'aa, akipita watu wanainuka. Alikuja mpaka mlangoni kwa marehemu, akainama.

"Ahaa! Mnaona hiki?"

Ulikuwa mwiba wa nungunungu.

"Mimi sikuvuka hata kizingiti," Chui akaapa mbele ya watu wote. "Hii ni nyumba ya mjane, na wanawake hawajamwosha. Mwiba nimeuokota hapa nje. Mkamateni Nungunungu!"

Maskini Nungunungu! Kila asubuhi alimpelekea Bi Kanga kuni, na nani asiyejua kwamba miiba yake humpukutika njiani? Hawakumsikiliza. Wakamtia shimoni angoje siku ya gulio, ndiyo siku ya hukumu. Na muuaji katika nchi ile alitupwa kwa mamba.

Sasa mngetaraji watu wakae wamlilie marehemu. Thubutu! Nchi nzima ilikuwa shingo juu, inalitazama kapu.

"Ni kisu kile," alisema Nyani kisimani. "Tazama linavyoning'inia."

"Kisu gani kinene vile?" akasema Bi Bata. "Hiyo ni nguo yenye damu, imekunjwa."

"Nguo? Jana upepo umevuma, kapu limelia kwa! kwa! Wewe ulisikia wapi nguo inalia kwa kwa?"

"Basi ni mfupa."

"Mfupa wa nani, na marehemu tumemzika mzima?" akadakia mwenzao.

"Mimi najua," Nyani akasema kwa sauti ya chini. "Nilimuuliza Kobe mwenyewe."

"Ee! Kasemaje?"

"Hakusema. Lakini ungemwona alivyonyamaza!"

Na wote wakatikisa vichwa, kana kwamba wameambiwa jambo.

Pembeni ya kisima alikuwapo Sange. Mnamjua Sange? Panya si panya. Mdogo, anaweza kulala ndani ya kiatu chako, ana pua ndefu isiyotulia, inanusa huku, inanusa kule, fu fu fu. Alikuwa akichota maji, anasikiliza, na pua inacheza. Mara akaja Bi Nungu, mke wa Nungunungu, macho mekundu.

"Shoga yangu," akasema, "gulio ni kesho kutwa. Watoto wananiuliza baba yuko wapi, nawaambia kaenda kutafuta kuni. Kuni gani za siku zote hizi? Watamtupa mume wangu, Sange! Watamtupa!"

"Nyamaza, mwenzangu. Twende pembeni. Hebu niambie, mumeo alimwona Bi Kanga asubuhi ile?"

"Hakumwona. Aliita, hakuitikiwa. Akaziweka kuni mlangoni, akarudi."

Sange akatua ndoo. "Siku ya msiba, nani aliwasha moto wa chai ya waombolezaji?"

"Si wewe?"

"Ni mimi. Na nilikuta jiko la baridi, majivu ya jana yake, sufuria zimefunikwa, mwiko mkavu. Asubuhi ile Bi Kanga hakupika kitu. Ninyi wote mlikuwa nje mnalikodolea macho kapu, hakuna aliyetazama jiko."

"Na jiko litamsaidiaje mume wangu?"

"Jiko haliwezi. Lakini yupo mtu anayejua kwamba hapakupikwa, naye ni huyo aliyekuwa mle ndani. Nataka kumsikia akisema kwa mdomo wake mwenyewe."

"Wee Sange! Muuaji gani atakuja kusema?"

"Tutamsingizia," akasema Sange, akajitwika ndoo yake.

Hakwenda mbali. Alimkuta Nyani njiani.

"Kaka Nyani, unaweza kutunza siri?"

"Mimi? Mimi ni kaburi!"

"Hapana, tuache tu. Ni jambo zito."

"Sema, dada! Usinitese!"

Sange akamsogelea sikioni. "Muuaji alikula kwanza."

"Alikula nini?"

"Wali. Wali wa nazi wa Bi Kanga. Alikaribishwa, akanawishwa mikono, akala, akashiba. Ndipo akamuua."

"Haa!" Nyani akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

Na alikuwa na haki ya kushika kichwa. Katika nchi ile kuua lilikuwa kosa kubwa. Lakini kula chakula cha mtu, nyumbani kwake, kutoka mikononi mwake, kisha ukamdhuru, hilo hata jina halikuwa nalo. Hata fisi walikuwa hawalifanyi, na fisi mnawajua.

"Tafadhali, usimwambie mtu," akasema Sange. Alikuwa anaongea na vumbi. Nyani ameshafika mtaa wa pili.

Lo! Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Saa sita mchana muuaji alikuwa amekula sahani moja. Alasiri akawa ameongezewa. Jioni akawa amemaliza sufuria, akaomba ukoko, akaukwangua kwa kucha, krr krr krr, akacheua, akaomba maji ya kunawa! Na kapu je? Sasa kila mtu alikuwa na hakika.

"Sahani! Nilisema mimi! Kwa kwa ni mlio wa sahani!" alisema Bi Bata, ambaye alisema nguo.

Watoto nao wakatunga wimbo, wakawa wanacheza nao njiani:

Kala wali, kala tui,
kakwangua na ukoko,
kanawa, kafuta mdomo,
kamuua mpishi wake!

Wimbo huo ukafika nyumbani kwa Chui. Mama yake, bibi mzee aliyeheshimiwa na wote, alikuwa amemwandalia chakula.

"Mwanangu, umeyasikia haya?"

"Watu wanasema mengi, mama."

"Kakwangua ukoko! Ukoko wa mjane! Kuua, mwanangu, hata hasira huua. Lakini ule cha mtu, ushibe, kisha umgeukie? Huyo mama yake alimnyonyesha nini? Maziwa au sumu?"

Chui akaacha kutafuna. "Pengine hakula, mama."

"Alikula! Nchi nzima inajua."

"Nani alimwona?"

"Lisemwalo lipo. Laiti ningemjua aliyemzaa, nikamtemee mate. Mbona huli? Chakula kinapoa."

Chui akaisukuma sahani. Hakuonja tena siku ile, wala siku iliyofuata.

Siku ya gulio ikafika. Watu walijaa bwawani mpaka wengine wakapanda juu ya wenzao. Nungunungu akaletwa amefungwa kamba, amekonda, anawatafuta wanawe kwa macho. Chui alisimama nyuma yake na walinzi. Kapu lilikuwa palepale, na kila shingo imeinuka.

Pfuuu! Maji yakapasuka, akaibuka Kiboko, hakimu, magugu kichwani.

"Nani anamsemea mshitakiwa?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Wewe nani? Simwoni mtu."

"Huku chini."

Kobe akainama, Sange akampanda mgongoni, pua juu. Watu wakacheka. Bi Nungu hakucheka.

"Mheshimiwa," Sange akaanza, "sikuja kumtetea aliyekula wali wa Bi Kanga. Mtu huyo hatetewi! Hebu fikirini, jamani. Mjane anamkaribisha mgeni. Anamnawisha. Anampakulia wali mweupe, tui zito—"

"Na samaki wa kupaka!" Nyani akadakia.

"Na samaki wa kupaka. Mgeni anakula—"

"Anaongezewa!" wakaitikia watu.

"Anaongezewa. Mjane anamwambia, kula baba, usione haya. Naye anakula mpaka ukoko. Kisha, kwa vidole vilevile vyenye mafuta ya nazi, anamshika shingo!"

"Uuuuwi!" wanawake wakapiga kelele.

Kiboko alimtazama Sange kwa jicho moja. Yeye na Kobe walijua kilichomo kapuni. Lakini hakimu hasemi kapu likiwa limeshonwa.

"Naomba jambo moja tu," akasema Sange. "Kabla kapu halijafunguliwa, kina mama wa nchi hii wamlaani huyo aliyemuua. Mama yake Nungunungu alishakufa, laana ya mama zetu itamtosha. Na kama si Nungunungu, basi muuaji naye ana mama, na huenda mama yake yumo humu."

"Walaani," akasema Kiboko. "Lakini upesi, jua linanichoma mgongo."

Kina mama wakasimama. Na nani atangulie? Mkubwa wao. Mama yake Chui akajikongoja mpaka mbele, akashika titi lake kwa mkono uliokunjamana. Watu wote wakarudi nyuma, maana laana ya maziwa haina mganga.

"Kwa maziwa haya," akasema, "aliyemuua Bi Kanga huku mdomo wake unanuka wali wa Bi Kanga, mimi namtoa katika—"

"Mama, usiape!"

Chui alikuwa amesharuka, yuko katikati ya uwanja.

"Usiape, mama! Hakula! Hakula hata punje! Wali gani? Mchele ulikuwa bado uko kwenye ungo, nusu umechambuliwa, na chuya zake kaziweka kwenye kifuu! Moto hata haujawashwa! Mnamsingizia mtu bure!"

Pua ya Sange ikacheza, fu fu fu.

"Mkuu," akasema polepole, "kwani wewe ulivuka kizingiti?"

Chui akageuka kuwatazama walinzi wake. "Nilisikia... watu wanasema..."

"Watu wanasema alikula. Mpaka ukoko. Hakuna hata mmoja aliyesema hakula."

"Hata mimi sikusema," akasema Nyani, "na mimi nimesema yote."

"Kobe," Kiboko akaamuru, "fungua kapu."

Likateremshwa. Kobe akang'ata ukindu, tap! tap! Wakalipindua. Mchele ukamwagika, uliochambuliwa umechanganyika na ule wenye taka zake. Kisha kifuu kikaanguka, kwa! kikabingirika, na chuya zikatawanyika miguuni pa watu.

"Ni hicho tu?" akanong'ona Bi Bata, amevunjika moyo. Wenzake wakamfinya.

Lakini mimi nawaambia mumtazame yule bibi mzee. Alikuwa bado amesimama, mkono kifuani. Akauteremsha taratibu.

"Kwa hiyo hukula," akamwambia mwanawe.

"Sikula, mama. Naapa."

"Alikukaribisha?"

Chui akainamisha kichwa. "Alinikaribisha. Alisema, kaa mwanangu, wali hautachelewa. Mimi... nilikuwa nataka mayai tu. Aliponiona nayachukua akapiga kelele."

Mama yake akamtazama, akamtazama sana, na machozi yakaanza kumtoka.

"Afadhali ungekaa ukala," akasema. "Ungeshiba, na mwenzangu angekuwa hai."

Hakulaani, wala hakubariki. Akageuka akaenda zake nyumbani, watu wakimpisha njia.

Walinzi wakamshika mkuu wao wenyewe, na hukumu yake ilikuwa ileile aliyomtayarishia mwenziwe. Nungunungu akafunguliwa kamba. Wanawe wakamrukia wote kwa mara moja, "Baba! Aa! Baba! Aa!" kwa sababu ukimkumbatia nungunungu ni lazima uchomwe, na hakuna hata mmoja aliyemwachia.

Basi wanangu, shikeni hili: hata mwizi, ukimsingizia mbuzi ambaye hakumwiba, atatoka mwenyewe kuja kulalamika.