Kilemba Hakioshi Maiti

"Kilemba hakioshi maiti." Mmewasikia kina mama wakimwambia hivyo mwenyekiti, mkaja kuniuliza neno hili lilitoka wapi. Lilitoka kwenye aibu, wanangu, na aibu yenyewe ilikuwa hivi.

Katika mji wa Kidundani alikaa mchoma chokaa jina lake Shekuwe, na mkewe Mwanahawa. Mume akishinda tanurini, mke baada ya adhuhuri alikwenda kusoma kwa Bi Arafa. Bi Arafa alikuwa mwanachuoni. Babake alimsomesha tangu utotoni, na watu wa mji, wake kwa waume, walimpelekea masuala yao. Wanawake aliwafundisha sala, mirathi, na kazi ile ambayo wengi huikimbia: kuosha maiti. Maana desturi ndiyo hiyo, mwanamke huoshwa na wanawake wenziwe.

Wakubwa wa mji hawakupenda. Mkubwa hapendi kitu kinachokwenda bila yeye. Ijumaa moja Imamu Mselemu akapanda mimbari akatangaza: mwanamke asikae kufundisha tena, na asiyejua sawasawa asimguse maiti, dhambi zitamrudia.

Bi Arafa akawafuata wakubwa barazani.

"Imamu," akasema, "masahaba wakikwama, si walikwenda kumuuliza Bibi Aisha? Binti ya Mtume alipofariki, Mtume mwenyewe alimwelekeza Ummu Atiya namna ya kumwosha. Baadaye wanavyuoni wa Basra wakaenda kwa mama yule kujifunza. Nyinyi mmewapita hao?"

"Basra mbali, bibi," mmoja akadakia. "Rudi jikoni, wali unaungua!"

Baraza zima likacheka. Shekuwe alikuwapo, naye akacheka. Hakuona la kuchekesha. Aliona wakubwa wanacheka.

Alipofika nyumbani akamkataza mkewe.

"Wewe Shekuwe," Mwanahawa akamuuliza, "siku yangu ikifika nitaoshwa na nani?"

"Ah! Umeshakufa? Wakubwa wamesema, wamesema."

Mwanahawa hakwenda tena darasani. Bi Arafa akafunga mizigo, akahamia kwa nduguze bara, mwendo wa siku nyingi. Mjini walibaki vikongwe wawili waliozoea kuosha, nao wakafuatana kaburini, mmoja baada ya mwingine, na hapana aliyeshika nafasi yao.

Masika yalipoingia, homa ikamshika Mwanahawa. Ikamchukua asubuhi moja, jua halijakolea. Shekuwe akatoka kutafuta waosha. Kila mlango aliobisha, mwanamke alilia pamoja naye, kisha akarudi nyuma. "Tulisoma nusu tukakatazwa, shemeji. Imamu kasema asiyejua asiguse. Nikajitie dhambini?"

Akaenda kwa Imamu.

"Mume aruhusiwa kumwosha mkewe," Imamu akamwambia. "Kitabu chasema hivyo."

"Mimi najua chokaa, Imamu. Hayo siyajui."

"Nitasimama nje ya mlango nikusomee."

Basi ikawa hivyo. Imamu mlangoni na kitabu chake, mji umejaa uani, na Shekuwe ndani peke yake na mkewe. Imamu akasoma: maji ya majani ya mkunazi. Anza kuumeni. Mikono yake ilikuwa imepasukapasuka kwa chokaa, na aliogopa kumkwaruza mtu ambaye hasikii tena.

"Sasa mfumue nywele, uzioshe, umsuke mashungi matatu."

Shekuwe akazifumua nywele, akaziosha, akaishia hapo.

"Umesikia, Shekuwe?"

"Nimesikia. Sijui kusuka." Akageukia mlangoni. "Shungi laanzia wapi, Imamu? Nishike vipi?"

Kurasa zikasikika zikifunuliwa, moja, na nyingine. "Kitabu chasema... mashungi matatu."

"Njoo unionyeshe."

"Si maharimu wangu. Sina ruhusa kumwona."

"Basi vua hicho kilemba ukitupe humu ndani, kimwoshe chenyewe!"

Imamu akainua mkono kama anayetaka kukigusa kilemba chake, akaushusha, akatazama chini. Lakini neno lile halikumpata Imamu peke yake. Shekuwe alilisema, likamgeukia. Nani aliyemtoa mwanamke huyu darasani? Si Imamu aliyemzuia kwa mkono wake. Akajaribu kusuka, nywele zikafumuka. Akajaribu tena. Mwisho akamfunika sanda nywele zikiwa ovyo, mwanamke ambaye enzi zake hakutoka hata kisimani bila kuchana, na akamwomba radhi kwa sauti ndogo, asije akasikiwa.

Imamu akasalisha kwa sauti isiyofika safu ya pili. Ijumaa iliyofuata akatengua amri, na wakubwa wakatuma mtu bara akamrudishe Bi Arafa. Ndivyo walivyo: huvunja upesi, kisha hutuma mtu.

Mjumbe akarudi peke yake. Akawakuta wakubwa nyumbani kwa Imamu.

"Nimeonyeshwa kaburi," akasema.

Mke wa Imamu alikuwa nyuma ya pazia, birika la kahawa mkononi. Wakubwa walipoondoka mmoja mmoja bila kuagana, akatoka, akaliweka birika chini mbele ya mumewe.

"Na mimi, Mselemu," akamuuliza, "nani ataniosha?"

Imamu akakivua kilemba, akakipakata.

"Basi ndiyo hivyo, mume wangu," mkewe akasema, wala hakuwa na hasira. "Kilemba hakioshi maiti."