Moto wa Wenye Nchi Wawili

“Mwomba mioto miwili hulala na baridi!” Sikudhani aliitamka methali hiyo akicheka, sote tukiwa jikoni kwa Bibi Tabia tunapukuchua mahindi. Alikuwa anamsema jirani mmoja mgeni aliyejiandikisha kwa wajumbe wa mitaa miwili. Bibi hakucheka.

“Nani kakufundisha kuicheka hiyo?”

“Si ya watu wenye tamaa, Bibi?”

“Tamaa! Haya, pukuchueni huku mnasikiliza. Methali hii ilianza hivi.”

Huko milimani palikuwa na nchi ikiitwa Msongwa, nchi ya ukungu, ambako hata mwezi wa jua kali mtu hafungui mlango asubuhi bila kujitanda shuka. Moto wa huko haukuwa wa kupikia tu. Mgeni akitaka kukaa, alikatazwa kupekecha moto wake mwenyewe. Alikwenda kwa mwenye nchi, akapiga goti mbele ya meko, akapewa kijinga cha moto, akakibeba kikiwaka mpaka nyumbani kwake. Toka siku hiyo ni mtu wa Msongwa. Analima, anachota maji, anaoa, na akifa, jivu la meko yale linatiwa kaburini ndipo udongo urudishwe. Asiye na moto huo ni mpita njia tu. Mpita njia hapewi shamba, na kaburi pia hapewi.

Basi mwenye nchi mzee akafa, na wanawe wawili, Mbelwa na Sekiteke, wakagombana. Kila mmoja akawasha meko yake, akasema nchi yote ni yangu, yule ni mwizi. Njia ya kwenda mtoni ikawa mpaka. Watu wa huku wakakimbilia kule, wa kule wakakimbilia huku, nyumba zikabaki tupu na ndizi zikiivia migombani.

Wakati huo ndipo Semhando na mkewe Mwashi walipopanda kutoka bondeni. Kwao mvua ilikuwa imewakatalia mpaka visima vikatoa tope. Walikuwa na mtoto mmoja, Nyange, msichana mchangamfu, ila kifua chake kikiguswa na baridi kilikoroma kama chungu kinachotokota. Mtu mmoja wa pale, Kuziwa, aliwaonea huruma.

“Shikeni nyumba hii, mwenyewe kakimbilia kwa Sekiteke,” akasema. “Ila kaombeni moto kwa Mbelwa, maana huku ni kwake.”

“Na kule?” akauliza Semhando.

“Kule nako ni kwake, ukimwuliza yeye.”

Wakacheka. Semhando akaenda, akapiga goti, akaja na kijinga. Siku hiyo Nyange alilala bila kukohoa, na Mwashi akapanda maharage nyuma ya nyumba.

Maharage yalikuwa yametoa maua watu wa Sekiteke walipovuka njia. Walifuatana na mwenye nyumba. Alisimama tu akiutazama mlango wake.

“Moto huu ni wa wizi,” mkubwa wao akasema. “Tukirudi tukaukuta, tunauzima.”

Semhando akamkimbilia Kuziwa. “Nifanyeje, jirani? Niurudishe?”

“Ukiurudisha, Mbelwa atakuita msaliti.”

“Nikiuacha?”

“Hawa watauzima.”

“Na kifua cha mtoto?”

Kuziwa akatazama migomba.

Ndipo Semhando akamwambia mkewe, “Nitaomba na kule. Moto hauna alama. Kijinga kikishaingia mekoni, nani atajua miali hii ni ya nani? Wakija hawa, ni wao. Wakija wale, ni wao.”

“Moto hauna alama, baba Nyange,” akasema Mwashi. “Sisi je?”

Lakini yeye naye alikisikia kifua kile kikikoroma. Semhando aliporudi na kijinga cha Sekiteke, ni Mwashi mwenyewe aliyekipokea na kukisukuma mekoni.

Wakakaa salama mpaka ukungu mzito ulipoanza. Moto uliwaka usiku na mchana, wala haukusaidia. Nyange alikata roho alfajiri, mapajani kwa mama yake.

Kilio hakijui mpaka. Kuziwa alipokuwa anachimba kaburi, mjumbe wa Mbelwa alifika na kibuyu cha jivu. Mjumbe wa Sekiteke naye akafika na kibuyu chake. Wakatazamana pale uani.

“Wewe umefuata nini?”

“Nimekuja kuzika mtu wetu.”

“Mtu wenu? Huyu tulimpa moto sisi!”

“Na sisi tulimpa.”

Wakamgeukia Semhando, naye akaanguka magotini. “Uzimeni moto, wazee wangu, niiteni jina lolote. Nizikieni mtoto tu.”

“Mtoto wa nani?”

“Wangu mimi.”

“Baba yake tunamwona. Tunauliza ni wa nani.”

Mjumbe wa Mbelwa akafunga kibuyu chake, wa Sekiteke akafunga chake. Mwashi akatoka ndani amembeba Nyange. “Basi tumzike hapo njiani,” akasema. “Njia si ya huku wala ya kule.”

“Mama,” akajibu mmoja wao, na wala hakuwa mkali, “njia hiyo ndiyo hasa tunayoigombania.”

Wajumbe wakaingia ndani wote wawili. Huyu akamwaga maji mekoni, na yule akamwaga yake, asije akaacha cheche ya mwenzake. Kuziwa alikuwa amekwisha kuchimba mpaka kiunoni. Akaamriwa afukie. Akalifukia kaburi tupu huku analia.

Semhando na Mwashi wakashika njia ya kurudi bondeni na mtoto wao. Chini kidogo waliwakuta wanawake waliokwenda kuni, wamekoka moto.

“Jongeeni muote!” mmoja akaita. “Mbona mmemfunika hivyo huyo mtoto, anaumwa?”

Mwashi hakusimama. “Mwomba mioto miwili hulala na baridi,” akasema, akapita.

Wanawake wale wakalichukua neno hilo kijijini, wakalichekea. Baadaye walisikia ni nini alichokuwa amebeba, lakini neno lilikuwa limekwisha kuenea pamoja na kicheko chake. Kama wale wazazi walifika bondeni, hakuna ajuaye.

Tulikuwa tumeacha kupukuchua.

“Sasa Bibi,” Sikudhani akauliza polepole, “angeomba wapi?”

“Mahali pa kuomba hapakuwepo, mwanangu. Mwomba mioto miwili hulala na baridi.”