Kikohozi cha Jemadari

Hapo zamani, wakati sheria zilipokuwa chache na wenye kuzisimamia wengi, Sultani Shahbuti wa Shangama aliibiwa tausi. Bawabu wake, Feruzi, akala kiapo kwamba alimwona mwizi akiruka ukuta: mtu mrefu, mwembamba, kanzu imechanika mgongoni. Basi Jemadari Sarboko akatoka na askari, na wa kwanza kukutana naye mwenye sifa hizo alikuwa Vuai, msokota kamba. Akamkamata, akamshukuru Mungu kwa wepesi wa kazi.

Na desturi ya mji ule ilikuwa hivi: mshukiwa husimamishwa mstarini pamoja na wengine, shahidi akapita mbele yao, na atakayemgusa begani ndiye mwizi, hukatwa mkono. Jemadari akampanga Vuai katikati ya wapishi wa jumba, wote wafupi, wote wanene, wote wamevaa nguo nyeupe za jikoni. Feruzi akapita. Alipofika kwa Vuai, Jemadari akakohoa. Feruzi akamgusa.

"Haki imetendeka," akasema Sultani.

"Haki imekohoa," ikajibu sauti kutoka nyuma.

Alikuwa Pandu Ukoko, fukara aliyepata jina hilo kwa kuishi kwa ukoko wa vyungu vya harusi za watu.

"Ala! Wamwita shahidi wangu mwongo?"

"Hasha, bwana wangu. Mkweli mno. Ametafuta kanzu, ameipata."

Sultani akaghadhibika. "Basi kabla ya adhana ya adhuhuri niletee mtu mwingine ambaye Feruzi atamgusa kwa kiapo kilekile. Ukishindwa, mkono wako utafuatana na wa Vuai."

"Mtu yeyote, bwana wangu?"

"Yeyote! Atakayeguswa ndiye mwizi, hata akiwa nani. Nimesema."

"Na mstari niupange mimi?"

"Upange."

Jemadari na Feruzi wakatolewa nje. Pandu akainama, akasema, "Bwana wangu, hakuna mahali pa kuliona jambo hili vizuri kama mstarini penyewe. Tafadhali vaa kanzu ya Vuai."

Sultani, ambaye tangu tausi apotee hakuwa na la kumchangamsha, akakubali. Akavua joho, kilemba na viatu. Kanzu ikamkaba tumbo, na upindo wake ukafagia sakafu. Vuai naye akavalishwa nguo za mpishi, zikamwishia magotini.

Ikumbukwe kwamba huko Shangama ilikuwa haramu kumtazama Sultani usoni. Feruzi alimfungulia mlango miaka na miaka, na alichokijua ni viatu vyake.

Basi wakaitwa. Feruzi akafika kwa Vuai. "Huyu namjua, mpishi. Samaki wako wa jana, ndugu yangu, alipungua chumvi."

"Nitajirekebisha," akajibu Vuai, meno yakimgongana.

Jemadari akaiona kanzu iliyochanika, akakohoa. Feruzi akampiga mwenye kanzu kofi la bega.

"Ndiye! Mrefu, mwembamba, vilevile!"

"Mtazame vizuri," akasema Pandu.

"Nimtazame nini tena? Uso wa mwizi huu ningeutambua hata ukioshwa kwa marashi! Mtoe tausi, we kunguru!"

"Feruzi," akasema yule kunguru.

Sauti ile Feruzi aliijua. Akaanguka kifudifudi. Jemadari akakohoa tena, safari hii bila kukusudia.

"Bwana wangu," akasema Pandu, "adhana bado, na mtu mwingine ameguswa. Tumwite mwenye panga?"

Sultani akauficha mkono nyuma. "Lakini mimi sikuiba!"

"Ndivyo anavyosema Vuai tangu asubuhi."

Sultani akamtazama Vuai, akautazama upindo wa kanzu ulivyolala sakafuni, akaanza kucheka, akacheka hata kanzu ikamaliza kuchanika.

Ikawa Vuai ameachiwa akiwa na mikono yake miwili na kanzu mpya. Pandu, alipoambiwa achague zawadi, akaomba chungu kimoja cha jikoni kila siku, kisikwanguliwe. Tausi akarudi mwenyewe kesho yake, wala hakuulizwa alikokuwa.

Sultani akaamuru kwamba tangu siku ile mshukiwa asimamishwe na wanaofanana naye, na kwamba Jemadari, shahidi anapopita, asimame amejaza maji mdomoni. Ndiyo maana hata leo, askari akionekana Shangama mashavu yamemfura, watu huulizana, "Anatambuliwa nani?"