Kwa Nini Vidole Hupanda Juu Kabla ya Kuvuka Sura

Nyinyi mnaobonyeza vitufe viwili mkafika sura ya mwisho, tulieni niwaambie. Zamani haikuwa hivyo. Maandishi marefu yalikuwa na njia moja tu: mshale wa chini, mstari kwa mstari, mpaka kidole kife ganzi.

Enzi hizo, Mwanakombo wa Tanga alikuwa akichapa kitabu cha mapishi cha shangazi yake, Bi Mize, kitakachozinduliwa kesho yake mbele ya kina mama wote wa mtaa. Kila pishi lilikuwa na sura yake, na kila sura ilikuwa na sehemu ya “Viungo”. Shekue, fundi aliyeitengeneza programu ile ya kuandikia, akamhurumia, akamwekea njia ya mkato: bonyeza, ruka mpaka “Viungo” vinavyofuata. Basi Mwanakombo akawa anaruka kama panzi, anajaza viungo, raha mustarehe, hata hatazami yuko sura gani.

Bi Mize akatoa ukurasa wa visheti, akampa mkwewe ajaribu kupika. Mkwe mwenyewe mtiifu, akafuata neno kwa neno, hakuuliza. Bi Mize akatafuna kimoja.

“Mama yangu wee! Visheti vina pilipili?”

Pilipili ya sambusa ilikuwa imeingia kwenye visheti! Mwanakombo akaiona aibu ya kesho ikimwangukia shangazi yake. Akaeleza, machozi yakimlengalenga, jinsi alivyokuwa akiruka.

Bi Mize akaangua kicheko. “Mwanangu, tangu lini ukaingia chumbani kwa watu bila kumwamkia mwenye nyumba?”

Mwanakombo akakurupuka mpaka kwa Shekue. Shekue akapendekeza njia za mkato za herufi, za kukariri, Mwanakombo akakataa katakata.

“Nataka mishale tu, nikiwa nimeshikilia kitufe cha Alt. Wa juu unipeleke kwa mwenye nyumba, kwenye kichwa cha sura. Wa kulia, nyumba ya jirani, sura inayofuata. Wa chini, ndani chumbani, kwenye viungo.”

Alasiri haijaingia, kila pilipili imesharudi kwao. Kesho yake visheti vikagombaniwa, vigelegele vikapigwa, na Mwanakombo akacheza mpaka mtandio ukamdondoka.

Na tangu siku hiyo, ukitaka kutoka sehemu ya sura moja kwenda sehemu ya sura nyingine, vidole hupanda kwanza mpaka kwenye kichwa, ndipo huvuka, ndipo hushuka. Anayeona huko ni kuzunguka, na aruke tu, ila pishi lake asituletee.